Cripple Creek: Dhahabu iliyojengea twiga makao

KATIKA jimbo la Colorado, nchini Marekani, kuna safari ya siku moja ambayo watalii wengi huifanya bila kutambua kwamba vituo vyake viwili vina asili moja. Asubuhi huzuru Cripple Creek, mji mkongwe wa wachimba dhahabu ulio nyuma ya mlima wa Pikes Peak. Alasiri huteremka hadi bustani ya wanyama ya Cheyenne Mountain, mjini Colorado Springs, kuwalisha twiga. Aliyeanzisha bustani hiyo, tajiri Spencer Penrose, alipata mtaji wake wa kwanza katika migodi ya Cripple Creek.

Kutoka Colorado Springs hadi Cripple Creek ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari. Barabara hupanda magharibi hadi Divide, kisha ikakata kusini. Mji wenyewe uko karibu mita 2,890 juu ya usawa wa bahari, yaani juu zaidi ya kilele cha mlima Longonot. Mgeni asiyezoea hewa nyepesi huumwa na kichwa kabla ya adhuhuri, na dawa yake ni kunywa maji mengi na kutembea polepole.

Mji huo umelala juu ya masalio ya volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Dhahabu ya huko haikumeta machoni pa watu, kwa kuwa kwa kiasi kikubwa imeungana na madini ya teluri na huonekana kama jiwe la kawaida la rangi ya kijivu. Jiwe hilo lilipowekwa juu ya jiko la moto, dhahabu ilitoka nje kama vitone vya jasho. Ndiyo sababu wafugaji walilisha ng'ombe mahali hapo miaka na mikaka bila kujua walichokuwa wakikikanyaga.

Mmoja wao, Bob Womack, ndiye aliyeigundua mnamo 1890. Aliuza haki yake kwa pesa kidogo na akafariki maskini mnamo 1909. Seremala Winfield Scott Stratton alikuwa na bahati tofauti. Alijitengea mgodi wa Independence mnamo Julai 4, 1891, na mnamo 1899 akauuza kwa kampuni ya London kwa dola milioni 10. Kufikia 1900 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 10,000.

Majengo ya matofali yanayopendeza macho katika barabara ya Bennett yalizaliwa na msiba. Mnamo Aprili 1896, mioto miwili iliyopishana kwa siku nne iliteketeza sehemu kubwa ya mji, uliokuwa wa mbao. Walioujenga upya hawakutaka mbao tena.

Jambo ambalo mtalii mwenye haraka hulipita ni vita vya ujira. Mnamo 1894 wenye migodi walitaka saa za kazi ziongezwe kutoka nane hadi kumi kwa malipo yale yale ya dola tatu kwa siku. Wachimbaji waligoma na wakashinda, kwa sababu Gavana Davis Waite alituma wanajeshi wa jimbo kuwakinga dhidi ya jeshi la kukodiwa la matajiri. Miaka 10 baadaye mambo yaligeuka. Gavana mwingine, James Peabody, alisimama na wenye migodi. Mnamo Juni 6, 1904, mlipuko katika kituo cha reli cha Independence uliwaua watu 13. Lawama zilitupiwa chama cha wafanyakazi, na wanachama wake wakapakiwa kwenye magari ya moshi na kutupwa nje ya jimbo. Historia hiyo imehifadhiwa katika makavazi ya mji, ambayo sehemu yake imo ndani ya kituo cha zamani cha reli, na ni hasara kubwa kuikosa.

Mgodi wa Mollie Kathleen ulijulikana kwa kuwashusha watalii mita 300 chini ya ardhi. Mnamo Oktoba 10, 2024 lifti yake ilipata hitilafu, mwelekezi mmoja wa watalii akafa na watu 12 wakakwama chini kwa saa kadhaa. Anayetaka kushuka na aulize kwanza hali ilivyo kabla ya kufunga safari.

Sensa ya 2020 iliwapata wakazi wasiozidi 1,200 mjini humo. Tangu Oktoba 1991 uchumi wa mji umetegemea kasino, na sehemu ya kodi ya kamari katika jimbo hilo hutengewa uhifadhi wa majengo ya kale. Dhahabu nayo haijaisha. Kati ya Cripple Creek na mji jirani wa Victor kuna mgodi mkubwa wa wazi, ambao kampuni ya SSR Mining iliununua kutoka kwa Newmont mnamo 2025. Katika miezi ya joto, punda huzurura barabarani wakiomba chakula. Wenyeji husema hao ni wa ukoo wa punda waliovuta mikokoteni ya mawe migodini.

Kwa Wakenya, hadithi hii si ngeni kabisa. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mnamo 1931, serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria mwaka uliofuata ili ardhi ya wenyeji itwaliwe bila wao kupewa nyingine. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mnamo 1952, na faida yake haikubaki Kakamega.

Faida ya Cripple Creek iliteremka mlima. Hata mali ya Stratton iliishia kujenga makao ya wazee na watoto maskini kule Colorado Springs. Penrose, ambaye shaba ya Utah ilimtajirisha zaidi, alijenga hoteli ya Broadmoor mnamo 1918 na bustani ya wanyama mnamo 1926. Mnamo 1938 aliikabidhi kwa shirika lisilo la faida kwa manufaa ya umma.

Bustani hiyo imeng'ang'ania mteremko wa mlima, kiasi cha mita 2,050 juu, karibu sawa na Eldoret. Fahari yake ni twiga wa aina ya kaskazini mwa Kenya, wenye mabaka yaliyotenganishwa na mistari myeupe kama wavu. Wa kwanza waliletwa mnamo 1954, na tangu wakati huo ndama zaidi ya 200 wamezaliwa hapo. Sehemu wanamoishi imepewa jina la Bonde la Ufa la Afrika. Mgeni hununua majani ya saladi, akayanyoosha, na ulimi mrefu mweusi ukayanyakua mkononi. Huko kwao Samburu, Isiolo na Laikipia, twiga hao waliorodheshwa mnamo 2018 kuwa hatarini kuangamia.

Si wote wanaofurahishwa na maisha ya nyuma ya ua. Mnamo 2023 watetezi wa haki za wanyama walienda kortini wakitaka ndovu watano wa Afrika wa bustani hiyo wahamishiwe kwenye hifadhi yenye nafasi zaidi. Mmoja wa ndovu hao aliitwa Jambo. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba sheria inayomlinda mtu dhidi ya kuzuiliwa kinyume cha haki ni ya binadamu, wala ndovu hawezi kuitumia.

Juu ya bustani, barabara ya kona nyingi huelekea kwenye mnara wa mawe uliokamilika mnamo 1937 kwa heshima ya mchekeshaji Will Rogers. Majivu ya Penrose yamezikwa humo. Kutoka juu yake mtu huona Colorado Springs yote na tambarare za mashariki. Cripple Creek haionekani, kwa kuwa iko upande wa pili wa milima.