BEAVER: NDEGE ILIYOUNDWA KWA SHAURI LA MARUBANI

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kiwanda cha de Havilland karibu na mji wa Toronto, katika nchi ya Kanada, kilikuwa katika mashaka. Wakati wa vita kilikuwa kimeunda ndege za Mosquito zaidi ya 1,000. Amani ilipokuja, hapakuwa na aliyezihitaji tena. Ilipasa kitafute kazi nyingine, ama sivyo mafundi wake wangekosa mshahara.

Mkuu wa kiwanda, Bwana Phil Garratt, aliona kwamba nchi yake yenyewe ina haja kubwa. Sehemu za kaskazini ya Kanada ni misitu, maziwa na theluji, na mahali pengi hapakuwa na barabara wala reli. Wachimba madini, wawindaji na walinzi wa misitu walitegemea ndege kuwaletea chakula, dawa na barua.

WENYE KUITUMIA WAULIZWA

Kabla ya kuanza kazi, Bwana Punch Dickins, rubani mashuhuri wa sehemu hizo, aliwauliza marubani wenziwe wanataka ndege ya namna gani. Majibu yao yalikuwa dhahiri. Mwendo wa kasi hawakuujali sana. Walitaka nguvu, ili ndege iliyojaa mizigo iweze kuruka kutoka ziwa dogo. Walitaka pia milango mipana kiasi cha kuingiza pipa la petroli la galani 45 kwa kulibingirisha.

Mainjinia wakafuata shauri hilo. Waliunda ndege ya madini matupu, yenye mabawa juu na milango pande zote mbili, iwezayo kufungwa magurudumu, maboya ya kuelea majini au mbao za kutelezea juu ya theluji. Hata mdomo wa tangi la mafuta ya injini waliuweka ndani karibu na rubani, ili asitoke nje katika baridi kali.

Jambo gumu lilikuwa injini. Hapo kwanza ilikusudiwa kutiwa injini ya Kiingereza, iliyoundwa na de Havilland wenyewe. Lakini nguvu zake hazikutosha. Basi wakuu wakaiacha injini ya jamaa zao, wakachagua ya Pratt & Whitney kutoka Marekani, yenye nguvu za farasi 450. Mabawa nayo yakaongezwa, yakawa futi 48 toka ncha hata ncha.

YARUKA

Tarehe 16 Agosti 1947, Bwana Russell Bannock aliirusha kwa mara ya kwanza. Ilipewa jina la Beaver, mnyama wa mtoni wa Kanada, hodari wa kukata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Mwaka 1948 Idara ya Ardhi na Misitu ya jimbo la Ontario ilianza kuitumia kulinda misitu na moto.

Mwanzoni wanunuzi walikuwa wachache. Bahati iligeuka mwaka 1951, jeshi la Marekani lilipoichagua. Hatimaye lilinunua zaidi ya 900. Katika New Zealand, Beaver zilimwaga mbolea juu ya malisho ya milimani. Jeshi la Anga la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1964, nalo lilikuwa na Beaver miongoni mwa ndege zake za kwanza.

Kiwanda kiliacha kuziunda mwaka 1967, zilipokuwa zimepita 1,600. Hata hivyo nyingi zaendelea kuruka mpaka leo. Mwezi wa Desemba 2019, Beaver moja ya miaka ya 1950 iliruka katika Kanada kwa mota ya umeme: injini ilibadilishwa, lakini mwili ulikuwa ule ule.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Wakuu wa kiwanda kile waliuliza, kisha wakakubali kufuata jibu, hata lilipowataka kuiacha injini yao wenyewe.