Kisu cha kukunja: Usafi, matunzo na dhamana yake

Kila inapokaribia Idd el-Hajj, sisi tunaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya huku Usambara huhakikisha nyuzi za kushonea na glovu zipo za kutosha. Vidole vya wachinjaji ndivyo vinavyotuhangaisha. Na ukifika msimu wa plamsi na mapeasi, huja wengine waliojikata wakimenya au wakipogoa miti. Wengi wao hawakukatwa na panga wala shoka, bali na kisu kidogo cha mfukoni.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja anayewaongoza watalii kwenda Irente na msitu wa Magamba. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, na ndani ya jeraha pameshindiliwa unga wa kahawa. Alikuwa akimchinja jogoo kwa kisu cha Kiswisi alichopewa zawadi na mgeni. Ncha ikakwama, akasukuma, kisu kikajikunja juu ya kidole chake mwenyewe. Nilipomaliza kuosha na kushona, swali lake la kwanza halikuhusu kidole. Aliniuliza, "Dokta, mgeni aliniambia kisu hiki kina dhamana ya maisha. Sasa nikirudishe wapi?"

(Mimi ni tabibu, si daktari, lakini huku kwetu ukivaa koti jeupe umeshakuwa dokta.)

Nilikiomba kisu nikitazame. Nilikifungua chini ya taa na kuchokoa ndani ya mpini kwa kijiti cha meno. Ilitoka damu iliyokauka, mabaki ya parachichi, nyuzi za mfuko wa suruali na unga mwekundu wa kutu. Uchafu ulikuwa umejaa kwenye maungio kiasi kwamba bapa halikuwa likifika mwisho wake likifunguliwa. Lilisimama likionekana limekaa sawa, kumbe springi haijalishika. Miaka mitatu kijana huyu alikatia mkate, alichinjia kuku, alichongea bakora na kukatia kucha kwa kisu hicho hicho, na matunzo yake yote yalikuwa kukifuta kwenye paja.

Mpini ndio ala

Kisu cha kawaida cha jikoni huwezi kukificha uchafu. Ukikisugua kwa sabuni kimetakata, na usipokisugua kila mtu anaona. Kisu cha kukunja ni kitu kingine. Mpini wake ndio ala yake, na bapa hurudi kulala humo likiwa na lolote lililoshika. Maji ya nyama ya kuku hubeba vijidudu kama salmonela, navyo huingia kwenye maungio. Kesho mtoto anamenyewa chungwa kwa kisu kile kile, jioni anaharisha, na mama anawalaumu wauza maji ya matunda wa Soni bila kosa.

Hapo pana suala la afya na pana suala la tohara pia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, damu inayomwagika ni najisi, na chombo kilichopata damu husafishwa kwa maji mpaka athari yake iondoke. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wanaoona kwamba kitu kilichosuguliwa kikang'aa, kama upanga au kisu, hutosha kufutwa. Hata tukiichukua kauli hiyo, kinachong'aa ni bapa. Maungio hayang'ai, na kitambaa hakifiki huko.

Namna ya kukiosha

Fungua sehemu zote za kisu, siyo bapa kubwa tu. Kitie katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukikunje na kukikunjua mara kadhaa humo humo majini ili uchafu wa kwenye maungio utoke. Sugua ndani ya mpini kwa mswaki wa zamani. Suuza kwa maji yanayotiririka, kung'uta, kausha kwa kitambaa, kisha kiache wazi mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Kukikunja kikiwa kibichi ni kukifungia kutu ndani, hasa kwetu huku ambako miezi ya ukungu hata kanzu iliyoanikwa asubuhi inaingizwa ndani jioni ikiwa bado mbichi.

Ikiwa mpini ni wa mti, usiuloweke. Visu vya Opinel vya Ufaransa, vilivyoanza kutengenezwa mwaka 1890, vina mpini wa mti. Ukivitia majini mti huvimba na bapa hukwama. Hivyo osha bapa na maungio haraka, ukaushe hapo hapo.

Watu wengi hudhani kisu kikiandikwa kwamba hakishiki kutu basi kimeshapata kinga. Hata jina Victorinox limebeba neno la Kifaransa lenye maana ya chuma kisichoshika kutu. Lakini chuma hicho huchelewa tu kushika kutu, hakina kinga kamili. Chumvi iliyomo katika damu, maji ya ndimu na ya plamsi, vyote vikiachwa usiku kucha vinakitoboa vitundu vidogo, na ndani ya vitundu hivyo ndimo uchafu unapojificha.

Damu ya binadamu ina hukumu yake ya kitabibu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Ukijikata, usimpe mwenzio kisu hicho kabla ya kukiosha kwa sabuni kisha kukitia katika Jiki, kipimo 1 cha Jiki kwa vipimo 6 vya maji, kwa dakika 10. Usizidishe, kwani Jiki inakula chuma. Ukimaliza suuza sana na ukaushe. Na kwa ajili ya tohara ya watoto kisu cha mfukoni hakifai hata kikichemshwa. Mtoto apelekwe hospitali akatahiriwe kwa wembe uliotakaswa ambao hautumiki kwa mtoto wa pili.

Mafuta na makali

Kisu kikishakauka, tone moja la mafuta kwenye maungio linatosha. Wengi hutia mafuta ya kula. Hayo baada ya wiki chache huganda na kunata, na huvuta vumbi. Mafuta ya cherehani hulainisha vizuri lakini si ya kuliwa, kwa hiyo yafute yasibaki kwenye bapa. Kwa kisu kinachogusa chakula mimi napendekeza parafini ya maji inayouzwa duka la dawa kwa wenye kufunga choo. Haina ladha, haigandi, na chupa moja itakutosha miaka. Tafadhali usiichanganye na mafuta ya taa.

Kuhusu makali, sisi Waislamu hatuna haja ya kusukumwa sana. Hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi Muslim inatuamrisha kunoa kisu ili tumpunguzie mnyama mateso, na Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyekuwa akinoa mbele ya mnyama mwenyewe. Na kinyume na watu wanavyofikiri, kisu butu ndicho kinachokata mikono, kwa sababu mtu hulazimika kukisukuma kwa nguvu.

Noa kwa kinoo kilicholowa maji, ukilaza bapa kiasi cha nyuzi 15 hadi 20, pande zote mbili sawasawa. Fundi wa baiskeli anayepita mitaani na jiwe lake la kuzunguka anafaa kwa kisu cha jikoni, ila mwambie achovye kisu majini kila mara. Chuma kikipata moto mpaka ukingo ukageuka rangi ya bluu, ugumu wake umekwisha hapo, na hakuna kinoo kitakachourudisha.

Jambo jingine ni kufuli. Visu vingi vya Kiswisi vya ukubwa wa kawaida havina kufuli. Bapa hushikiliwa na springi ya mgongoni tu, ambayo kazi yake ni kulizuia lisiyumbe, si kulibana. Vile vikubwa zaidi vya kampuni hiyo hiyo vina kufuli, na Opinel ilianza kuweka pete ya chuma ya kuzungusha mwaka 1955. Kisu kisicho na kufuli usichomee kitu kwa ncha, wala usichinjie mbuzi. Bapa lake la sentimita 6 hivi limetengenezwa kwa tunda na kamba. Kwa kuchinja tumia kisu cha mpini mmoja usiokunjika, kirefu na kikali. Hilo ni salama kwako na ni rehema kwa mnyama.

Dhamana ni ya nini?

Turudi kwenye swali la kijana. Ni kweli kwamba Victorinox, kiwanda kilichoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 na kilichowapelekea askari wa Uswisi visu vyao vya kwanza mwaka 1891, hutoa dhamana ya maisha kwa visu vyake. Leatherman ya Marekani hutoa ya miaka 25. Lakini dhamana hizi zinahusu kasoro za chuma na za utengenezaji. Springi ikikatika katika matumizi ya kawaida, au kufuli ikakataa kushika kisu kikiwa kipya, hiyo ni kasoro ya kiwanda. Kuchakaa, kutumia kisu kama bisibisi au nyundo, na kutu ya uzembe havimo. Mzee akinunua kisu kwa mhunzi, kikivunjika wiki ya kwanza humrudia na mhunzi hukitia motoni tena bila malipo. Akikivunja kwa kufungulia kreti za soda, mhunzi hucheka. Hali ndiyo hiyo hiyo Uswisi.

Aidha, kampuni nyingine hukataa kisu ambacho mwenyewe amekifungua skrubu zake, basi soma karatasi iliyokuja nacho kabla ya kushika bisibisi. Na kisu bandia hakina dhamana hata kama kina alama ya msalaba mweupe. Visu vya namna hiyo vimejaa minadani. Ukinunua dukani dai risiti yenye jina la duka. Kisu kikiwa kibovu anza na muuzaji, na kama amekuuzia bandia akikwambia ni halisi, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kuwalinda walaji ni sehemu ya kazi yake.

Kukipeleka ng'ambo kuna gharama. Kwanza piga picha, uiandikie kampuni kuulizia kama wanakubali na wapi walipo mawakala wao. Gharama ya kusafirisha inaweza kuzidi bei ya kisu, na Posta uwaulize kwanza kama wanapokea kifurushi chenye kisu. Ukimpa ndugu anayerudi Muscat, akiweke katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, kamwe si katika mkoba wa mkononi. Na kwa hali yoyote kioshe kwanza. Fundi atakayekifungua naye ni mtu, ana vidole na ana familia.

Ukijikata

Bana jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Damu ikitulia osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Unga wa kahawa, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa havina kazi hapo isipokuwa kutuongezea sisi kazi ya kuvitoa. Ukishindwa kukunja kiungo cha mwisho cha kidole, au ukisikia ganzi upande mmoja, njoo siku hiyo hiyo. Huenda mshipa unaovuta kidole umekatika, na ukicheleweshwa kidole hakitakunja tena.

Watu husema kutu huleta pepopunda. Si kutu. Vijidudu vyake huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na kisu cha mkulima hugusa vyote viwili. Mama zetu hupata chanjo kliniki wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi wa huku mara yao ya mwisho kuchanjwa ni utotoni, kama walichanjwa. Jeraha chafu likimpata mtu ambaye chanjo yake imepita miaka 5 anahitaji kuchanjwa tena. Kwa jeraha dogo safi ni miaka 10. Asiyekumbuka ahesabiwe kuwa hajachanjwa. Pepopunda ikishaanza kukaza taya, hapa milimani hatuna cha kufanya ila kumkimbiza mgonjwa hospitali kubwa, na wapo wasiorudi.

Kijana wetu nilimuuliza alichanjwa lini. Hakujua. Akachomwa sindano yake siku hiyo. Kisu tulikiosha pamoja kwenye beseni, tukakitia Jiki, tukakitia parafini, na bapa likalia "tak" mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Springi ilikuwa nzima, hapakuwa na cha kudai kwa Mswisi. Kidole kinakunja, ila ncha yake bado ina ganzi, na sasa kuku wa nyumbani kwao huchinjwa kwa kisu cha jikoni.