Viazi ndani ya kiroba: Neema ya mlangoni kwa asiye na shamba

Siku moja baada ya swala ya Alasiri, mjane mmoja wa mtaa wetu hapa Biharamulo alinijia nikiwa na daftari la sadaka la kamati ya msikiti. Ana watoto wanne na chumba kimoja cha kupanga; shamba hana. "Ustadhi," alisema, "unga mtakaonipa leo, kesho utakwisha. Nifundisheni kitu cha kupanda hapo mlangoni." Nikamwambia apande viazi mviringo katika ndoo kuukuu, kama nilivyofanya mimi. Mwezi haukuisha, mbegu zake na zangu zikaoza. Ndoo hazikuwa na matundu, na maji yalituama chini.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kuombwa ushauri amebebeshwa amana. Nilimnunulia mbegu nyingine, tukaanza upya. Ninaandika tuliyojifunza ili familia nyingine isipate hasara kama ile.

Kwanza, chombo. Kiroba cha kilo 50 kinatosha, mradi hakikupata kubeba mbolea ya viwandani wala dawa. Kitoboe matundu chini na ubavuni, kunja kingo zake kiwe kifupi, kisha tia udongo wenye kina cha sentimita 20, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Usichote udongo palipolimwa nyanya, bilinganya au pilipili. Mimea hiyo na kiazi ni jamaa moja, na ugonjwa wa mnyauko hubaki ardhini.

Pili, mbegu. Chagua viazi vizima, visivyo na doa, vyenye ukubwa wa yai la kuku. Vitandaze penye mwanga usio wa jua kali mpaka vitoe machipukizi mafupi na manene. Vitatu vinatosha kiroba kimoja. Ukivisonga, utavuna vidogo kama gololi. Vifunike kwa udongo wa sentimita 10.

Tatu, kupandishia udongo. Shina likifika urefu wa shibiri moja, kunjua kiroba kidogo na uongeze udongo, ukiacha majani ya juu yapumue. Rudia hivyo mpaka kiroba kijae. Udongo huo hukinga viazi na jua. Kiazi kilichopigwa na jua hugeuka kijani na kujenga sumu iitwayo solanini. Hicho si chakula, wala vile vitunda vinavyofanana na nyanya ndogo. Watoto waonywe mapema.

Nne, joto na maji. Asili ya kiazi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na katika nchi yetu hustawi sana kwenye baridi ya Njombe na Mbeya. Kwetu kuna joto zaidi, kwa hiyo weka kiroba penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Tia kidole katika udongo kila siku. Kikitoka kikavu, mwagilia. Maji ya udhu yaliyokingwa kwenye beseni yanafaa, nasi tumeamrishwa kuepuka israfu.

Baada ya miezi mitatu au minne majani hugeuka manjano. Acha kumwagilia, subiri wiki mbili ngozi ya viazi ikomae, kisha mwaga kiroba juu ya turubai. Udongo ule usirudie viazi wala nyanya msimu unaofuata. Panda mchicha au maharage.

Viroba vitatu vya yule mama havikujaza ndoo ya lita kumi. Hayo si mavuno ya kupeleka sokoni. Hata hivyo, sahani ya kwanza aliituma kwa jirani yake kikongwe. Mtume (s.a.w.) ametubashiria kuwa anachopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikwa sadaka kwake. Jina la mama huyo bado limo katika daftari letu la wanaopokea, na hilo si aibu. Lakini siku ile naye alikuwa miongoni mwa waliotoa.

Wabillahi tawfiq.