Kweli au uongo: usiku wa mvua ya kwanza

Jua limechoma wiki nzima. Jioni wingu linatanda, na bibi, bila hata kutazama juu, anasema: "Anueni nguo, mvua inanukia."

Mvua hunukia kabla haijafika. Kweli. Ila harufu yenyewe ni ya udongo. Bakteria wa ardhini hutengeneza kemikali iitwayo jiosmini. Tone likipiga udongo mkavu hunasa viputo vya hewa, navyo vikipanda na kupasuka hurusha harufu hiyo, upepo ukaibeba. Mvua ikinyesha kijiji cha jirani, kwa bibi imeshapiga hodi.

Mjusi wa ukutani ana gundi miguuni. Uongo. Usiku, akiwa upande wa pili wa kioo cha dirisha, mtazame tumboni. Chini ya kila kidole kuna mikunjo myembamba iliyopangana kama vigae. Mikunjo hiyo imejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na kila kinyweleo kimegawanyika ncha mamia. Ncha hukikaribia kioo mno, hata molekuli za pande mbili zikavutana. Akitaka kwenda, hubandua vidole kuanzia nchani. Sumu hana, lakini funika chakula, maana kinyesi chake hubeba vijidudu.

Mkia wake ukikatika huendelea kucheza. Kweli. Adui anauhangaikia mkia, mwenyewe ameshajificha. Utaota mwingine, wa gegedu badala ya mifupa.

Kumbikumbi ni mdudu wa usiku mmoja. Uongo, na huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu asubuhi tunafagia mabawa tukidhani tunafagia maiti. Kumbikumbi ni mchwa waliokomaa, majike na madume, waliotoka kichuguuni kwenda kuoana. Mabawa huyakata wenyewe. Yana mahali pake pa kuvunjikia. Msimu uliopita nilichuchumaa barazani na tochi. Jike mmoja alitua, akajitikisa, mabawa yote manne yakadondoka. Dume akamfuata unyounyo, kichwa kikimgusa tumbo, mpaka kwenye ufa wa sakafu, wakazama. Wengi huishia kwa kuku, kwa mijusi, na kwenye vikaango vyetu. Lakini jike akipona akaanzisha kichuguu, ndiye malkia: anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, akitaga maelfu ya mayai kwa siku, na mumewe yupo naye chumba kimoja.

Uyoga huota kichuguuni kwa bahati tu. Uongo. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa ni wakulima. Hutafuna miti na nyasi kavu, wakatengeneza tuta la kuoteshea kuvu, na kuvu hiyo ndiyo inayowalainishia chakula. Ule uyoga mpana unaochomoza kichuguuni mvua zikikolea umetoka shambani mwao, na shamba hilo lilianza na wawili walionusurika usiku kama huu.