JINA LA SOUZA LIMETOKA WAPI?

Jioni moja katika darasa letu la kisomo hapa Vingunguti tulikuwa tunasoma kwa sauti majina ya watu yaliyoandikwa ubaoni. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Mzee huyu ni fundi cherehani. Akasema:

"Mwalimu, mimi nilipokuwa kijana nilijifunza kushona kule mjini, kwa fundi mmoja Mgoa. Jina lake la ukoo lilikuwa Souza. Sasa juzi nasikiliza mpira kwenye redio, timu ya Brazil, anatajwa Souza. Mjukuu wangu naye ananiambia yupo mshairi wa Msumbiji, jina lake Sousa. Je, hawa watu wote ni ndugu?"

Darasa zima lilicheka. Lakini swali lenyewe si la kuchekesha. Tulikwenda kulitafutia majibu vitabuni, na leo tunawaletea tuliyoyapata. Mwishoni tutaeleza pia habari ya mama mmoja wa darasa hilo hilo, kwa sababu habari ya majina imemgusa sana.

JINA LA UKOO NI NINI?

Hapa kwetu watu wengi tunatumia majina matatu: jina lako, jina la baba yako, na jina la babu yako. Mtoto wako akizaliwa, jina la babu yako linaachwa nyuma, na jina lako linaingia mahali pa baba. Kwa hiyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi.

Wako wengine wanaofuata jina la ukoo. Wachaga ni mfano mzuri. Mtu wa ukoo wa Mushi au wa Massawe hulichukua jina hilo popote anapokwenda. Akihamia Vingunguti, watoto wake ni akina Mushi. Wakihamia Mwanza, wajukuu zake ni akina Mushi. Jina halibadiliki.

Wareno nao wana desturi kama hiyo. Ureno ni nchi ndogo iliyoko Ulaya, jirani na Hispania. Na jina la Souza ni jina la ukoo la Kireno.

MTO MDOGO WA KASKAZINI

Kaskazini mwa Ureno kuna mto mdogo uitwao Sousa. Mto huo unamwaga maji yake katika mto mkubwa uitwao Douro, karibu na mji wa Porto. Zamani sana ilikuwako jamaa ya wakubwa waliomiliki ardhi katika bonde la mto huo. Watu wakawaita "de Sousa". Neno "de" kwa Kireno maana yake ni "wa", yaani "wa Sousa".

Sisi wa Vingunguti tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Bonde la mto Msimbazi liko hapa hapa jirani. Ni kama mtu wa hapa ahamie Songea, watu wa kule wamwite "wa Msimbazi", na wajukuu zake waendelee kuitwa hivyo, hata kama mto wenyewe hawajauona kwa macho.

WARENO WANAPANDA MERI

Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alifika pwani yetu ya Afrika Mashariki akiwa njiani kwenda India. Mwaka 1505 Wareno walirudi na meri nyingi za vita. Mkubwa wao aliitwa Francisco de Almeida. Ndiye aliyeuteka mji wa Kilwa. Baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa iitwayo Fort Jesus. Walitolewa humo na Waarabu wa Oman mwaka 1698.

Wareno walituachia maneno mengi. Tunaposema meza, bendera, mvinyo, karata na leso, tunatumia maneno yaliyotoka kwao. Lakini majina ya ukoo ya Kireno hayakuenea kwa wenyeji wa pwani yetu. Basi jina la Souza lilifikaje Dar es Salaam? Lilizunguka. Lilipitia India.

JINA LINAFIKA GOA

Mwaka 1510 Wareno waliuteka mji wa Goa. Goa iko pwani ya magharibi ya India. Wakaifanya makao yao makuu ya upande huu wa dunia. Mmoja wa magavana waliotawala pale aliitwa Martim Afonso de Sousa. Alitawala kuanzia mwaka 1542 hadi 1545. Kabla ya hapo, mwaka 1532, mtu huyo huyo alikuwa ameanzisha mji wa Wareno huko Brazil, uitwao São Vicente. Mwaka 1549 mtu mwingine wa jina hilo, Tomé de Sousa, akawa gavana mkuu wa kwanza wa Brazil. Hebu oneni jinsi jina la mto mdogo lilivyovuka bahari mbili.

Huko Goa mapadri walibatiza watu wengi. Mtu akibatizwa alipewa jina jipya la Kikristo, na pia jina la ukoo la Kireno. Mara nyingi lilikuwa jina la padri aliyembatiza, au la Mreno aliyemsimamia. Ndiyo maana Wagoa wengi wanaitwa Souza, Fernandes, Pereira, Almeida na Gomes, na huku wao ni Wahindi. Lugha yao ya nyumbani ni Kikonkani.

Yule mzee fundi akauliza: "Kumbe bwana wangu hakuwa Mreno?"

Tukamjibu: "La, mzee. Wagoa wengi si Wareno kwa damu. Jina ni la Kireno, watu ni wa India."

KUTOKA GOA HADI DAR ES SALAAM

Goa ni nchi ndogo, na kazi zilikuwa chache. Katika karne ya 19 na ya 20 Wagoa wengi walipanda meli kuja Afrika Mashariki. Wengine walishukia Unguja, wengine Mombasa, wengine Dar es Salaam. Walifanya kazi za ukarani, upishi, ushonaji, muziki na upigaji picha.

Mmoja wa watoto wa Wagoa hao ni Anthony Almeida. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, akawa msanifu wa majengo, yaani mtu anayechora ramani za majumba. Majengo yake yako hapa mjini mpaka leo. Sasa fikirini: Almeida wa mwaka 1505 aliuteka mji wa Kilwa. Almeida wa karne ya 20 alisaidia kuujenga mji wa Dar es Salaam. Jina ni moja, lakini hatuna sababu ya kudhani kuwa ni ukoo mmoja.

Huko Kenya alikuwako Fitz de Souza. Alizaliwa India mwaka 1929. Alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwaka 1952. Baada ya uhuru akawa Naibu Spika wa Bunge la Kenya. Alifariki mwaka 2020.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Siku 10 tu baadaye, tarehe 19 Desemba 1961, Wareno wa Goa walisalimu amri mbele ya jeshi la India. Walikuwa wameitawala Goa kwa miaka 451.

Baadaye Wagoa wengi wa Afrika Mashariki walihama tena. Kwetu Tanzania, Waasia wengi waliondoka baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha nyumba za kupangisha. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Wengi wa waliohama walikwenda Uingereza na Kanada. Leo unaweza kumkuta Souza katika mji wa Toronto. Babu yake alitoka Goa, na baba yake alizaliwa Afrika Mashariki.

JINA LA BWANA NA MTUMWA

Ndugu wasomaji, sehemu hii ni ya uchungu, lakini lazima tuiseme.

Wareno walichukua watumwa wengi sana Afrika na kuwapeleka Brazil. Huko watumwa walinyang'anywa majina yao ya asili. Wengi walibaki na jina la ukoo la bwana wao. Mwaka 1861 alizaliwa huko mtoto mweusi aliyeitwa João da Cruz e Sousa. Wazazi wake walikuwa watumwa walioachwa huru. "Cruz" maana yake ni msalaba, kwa sababu alizaliwa siku ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba. "Sousa" lilikuwa jina la bwana aliyewamiliki wazazi wake. Mtoto huyo alikua akawa mshairi mkubwa wa Brazil. Utumwa wa Brazil ulikomeshwa mwaka 1888, naye alifariki mwaka 1898. Kwa hiyo Souza wengi wa Brazil, na huenda hata yule wa kwenye redio, ni wajukuu wa Waafrika.

Jina hilo lilirudi pia Afrika, lakini kwa njia mbaya. Francisco Félix de Souza alizaliwa Brazil, akahamia mji wa Ouidah katika nchi ambayo leo inaitwa Benin. Akawa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa na rafiki wa mfalme Ghezo wa Dahomey. Alikufa mwaka 1849, akaacha watoto wengi. Ukoo wake upo Benin hadi leo. Lakini jina likichafuliwa na mtu mmoja, mwingine anaweza kuliheshimisha. Mwaka 1990 Benin ilifanya mkutano mkuu wa taifa, na nchi ikafuata mfumo wa vyama vingi bila kumwaga damu. Mwenyekiti wa mkutano ule alikuwa Askofu Isidore de Souza.

Na yule mshairi wa Msumbiji? Huyo ni mwanamke, Noémia de Sousa, aliyezaliwa mwaka 1926. Aliandika mashairi ya kuwatetea watu weusi wakati Wareno bado wanatawala. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, baada ya vita vya ukombozi vilivyoongozwa na FRELIMO, chama kilichoundwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Noémia alifariki mwaka 2002.

Hata Marekani jina limefika. John Philip Sousa, aliyezaliwa mwaka 1854, alitunga muziki wa gwaride. Lile tarumbeta kubwa sana ambalo mpigaji hulivaa begani na kulizungusha mwilini limepewa jina lake.

JINA MOJA, MAANDIKO MENGI

Je, mmeona kwamba tumeliandika jina hili kwa namna mbalimbali? Ureno siku hizi huandika Sousa. Brazil wengi huandika Souza. Goa huandika D'Souza au de Souza. Jina ni lile lile. Lilibadilika kwa sababu kila karani aliandika kama alivyosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma ili amsahihishe.

Sasa tufike kwa yule mama wa darasa letu.

Mume wake alifariki, akamwachia kiwanja kidogo hapa Vingunguti. Mama alipofuatilia mirathi, zilitokea karatasi tatu. Kwenye karatasi ya kiwanja marehemu aliandikwa Rajabu. Kwenye cheti cha kifo, Rajab. Kwenye cheti cha ndoa, Rajabo, na jina la babu halimo. Akaulizwa: "Mama, huyu ni mume mmoja au waume watatu?" Alikwenda na kurudi miezi saba. Mwisho akashauriwa kupata hati ya kiapo kwa wakili, yaani karatasi ya kuapa kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Faida yake ya vitumbua iliishia humo. Kiwanja amekipata. Lakini alituambia: "Karatasi zote zile nilikuwa nazo ndani ya sanduku miaka mingi. Makosa yalikuwa yananitazama, nami siwezi kuyaona."

Leo mama yule anasoma. Ameshakagua vyeti vya watoto wake wote wanne, akakuta kosa kwenye kimoja, na ameanza kulishughulikia mapema.

Ndugu wasomaji, tunashauri mambo haya. Chagua namna moja ya kuandika majina yako matatu, na uishike. Ukipewa karatasi yoyote ya cheti, kadi au hati, isome hapo hapo kabla hujaondoka dirishani. Ukiona herufi imekosewa, sema kwa adabu, lakini sema. Na kwenye karatasi zako za zamani, tazama kama majina yanalingana. Kama hayalingani, tafuta hati ya kiapo sasa ukiwa hai. Usiwaachie watoto kazi hiyo.

JIBU LA MZEE

Basi mzee wetu tumjibu nini? Fundi wa Kigoa, mchezaji wa Brazil na mshairi wa Msumbiji si lazima wawe ndugu wa damu. Mmoja jina lake lilitoka ubatizoni, mwingine huenda lilitoka utumwani, mwingine katika utawala wa kigeni. Jina linatuonyesha njia ambayo watu wamepita. Halituonyeshi damu yao, wala halitoshi kumwita mtu mgeni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua chaki, akaandika ubaoni majina yake matatu, polepole, akayasoma, akafuta herufi moja, akaiandika upya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Sousa ni jina la kitu gani huko Ureno?
2. Kwa nini Wagoa wengi wana majina ya Kireno na huku wao si Wareno?
3. Jina la babu yako lilikuwa na maana gani? Nani alimpa?
4. Chukua karatasi tatu zenye jina lako. Je, limeandikwa sawa kwenye zote tatu?