Ramani za Kweli za Ndege Ndogo za Kiingereza za Zamani

Kazi ya kuunda mifano ya eropleni kwa ubao mwepesi, karatasi na gundi yapendwa na watu wa nchi nyingi, wazee kwa vijana. Wengine huunda mifano ya kuwekwa kabatini, na wengine huunda mifano irukayo kwa nguvu ya mpira uliosokotwa au kwa injini ndogo. Lakini wote watakao mfano wao ufanane kweli na ndege yenyewe hukutana na swali moja: ramani iliyo sahihi itapatikana wapi, na mtu atajuaje kwamba ni sahihi?

Swali hili ni gumu zaidi kwa ndege ndogo zilizoundwa Uingereza kati ya miaka ya 1925 na 1939. Nyingi zilikuwa za mbao na kitambaa, vitu visivyodumu. Vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza ilizichukua ndege nyingi za watu binafsi kwa kazi ya jeshi, na nyingi hazikurudi. Baadhi ya kampuni zilizoziunda hazikudumu: Comper ilifungwa mwaka 1934, na Miles ilianguka mwaka 1947. Kwa hiyo ziko aina za ndege ambazo leo hakuna hata moja iliyobaki ya kwenda kuipima. Mahali kama hapo, ramani ndiyo shahidi. Ikiwa shahidi huyo amekosea, kosa lake hunakiliwa na fundi wa pili na wa tatu, hata mwisho watu wote huliamini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

NI NDEGE IPI HASA?

Jambo la kwanza si kutafuta ramani, bali ni kuamua ni ndege ipi hasa itakayoundwa, na ya mwaka gani. Jina peke yake halitoshi. Tuchukue mfano wa ndege iitwayo Moth, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland. Ndege ya kwanza ya jina hilo iliruka tarehe 22 Februari 1925, katika kiwanja cha Stag Lane karibu na London, rubani akiwa Geoffrey de Havilland mwenyewe. Injini yake iliitwa Cirrus, yenye nguvu za farasi 60. Baadaye ikaja Gipsy Moth, yenye injini mpya ya Gipsy. Kisha ikaundwa nyingine ambayo kiwiliwili chake kilikuwa cha bomba za chuma kilichofunikwa kitambaa, badala ya mbao na plaiwudi. Hatimaye injini ikageuzwa juu chini, silinda zikaelekea ardhini ili zisimzuie rubani kuona mbele. Kila badiliko liligeuza sura ya pua au ya ubavu wa ndege.

Watu wengine hudhani kwamba ramani ya Tiger Moth, ambayo hupatikana kwa urahisi, yaweza kutumiwa kwa Gipsy Moth. Sivyo. Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, mabawa yake yamerudishwa nyuma kwa mshazari. Katika ndege ya mafunzo ilitakiwa mtu aliyekaa mbele aweze kutoka upesi na mwavuli wake, basi sehemu ya kati ya bawa la juu ikasogezwa mbele, na mabawa yakainamishwa nyuma ili ndege isipoteze mizani. Kutengeneza Gipsy Moth kwa ramani hiyo ni sawa na kushona kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine.

Hornet Moth yaonyesha jambo la ajabu zaidi. Ndege za kwanza za aina hii kuuzwa, za mwaka 1935, zilikuwa na mabawa yaliyochongoka nchani. Marubani waliona kwamba wakati wa kutua bawa moja huweza kuanguka ghafla. Basi mwaka 1936 kampuni ikaleta mabawa mapya yenye ncha za mraba, na wenye ndege za zamani wakaweza kubadilishiwa mabawa yao. Kwa hiyo ndege moja, yenye herufi zile zile za usajili, yaweza kuwa na sura mbili katika maisha yake. Ramani zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mwaka wake.

NDEGE ILIYOANDIKISHWA KENYA

Habari hizi zinagusa historia ya Kenya pia. Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Kiwanja cha Wilson chaitwa kwa jina lake hata leo. Na mwezi wa Septemba 1936, Beryl Markham, rubani aliyelelewa Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 angani alitua kwa shida katika kinamasi cha Cape Breton, nchini Kanada.

Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull, yenye herufi VP-KCC. Herufi VP-K ndizo zilizokuwa alama ya ndege za Kenya wakati ule. Fundi atakaye kuunda mfano wa ndege hiyo ajihadhari na ramani za Percival Proctor, ndege ya jeshi iliyotokana na Vega Gull. Mtoto hufanana na mzazi, lakini si yeye. Tena ajue kwamba ndege ya safari ile ilitiwa matangi ya petroli ndani, mahali pa abiria. Ramani ya kawaida ya ndege ya watu wanne haitamwonyesha jambo hilo.

RAMANI ZA AINA TATU

Aina ya kwanza ni michoro iliyochapishwa katika magazeti ya urubani ndege ilipokuwa mpya. Gazeti la Flight lilianza mwaka 1909, na The Aeroplane mwaka 1911. Faida yake ni kwamba yaliandikwa na watu walioiona ndege kwa macho. Hasara yake ni kwamba mara nyingi yalichora ndege ya kwanza kabisa, kabla ya marekebisho yaliyokuja baadaye.

Aina ya pili ni michoro ya mafundi wa mifano, kama ile ya gazeti la Aeromodeller lililoanzishwa mwaka 1935. Hapa hapana budi kutofautisha vitu viwili. Kuna mchoro unaoonyesha ndege yenyewe kutoka juu, ubavuni na mbele. Na kuna ramani ya kuundia mfano urukao. Hii ya pili mara nyingi imebadilishwa kwa makusudi: mkia umekuzwa, pua imerefushwa au mabawa yameinuliwa zaidi, ili mfano uruke vizuri. Hilo si kosa, bali ni kosa kuitumia kama ushahidi wa umbo la ndege.

Aina ya tatu ni karatasi za kiwanda chenyewe: vitabu vya matengenezo na orodha za vipuri. Hizo hazionyeshi umbo lote, lakini vipimo vyake vyatoka kwa waundaji wenyewe. Pamoja na hizo yafaa kutazama vitabu vya A. J. Jackson juu ya ndege za kiraia za Uingereza, ambavyo hutoa vipimo vikuu na habari za ndege moja moja kwa herufi zake.

KUIPIMA RAMANI

Ramani ikipatikana, isiaminiwe kabla ya kupimwa. Kazi hiyo haihitaji ila rula, penseli na hesabu kidogo. Gipsy Moth ina upana wa futi 30 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, yaani inchi 360. Katika ramani ya sehemu moja kwa 72, upana huo uwe inchi 5 kamili. Ukipata pungufu ya thumuni ya inchi, usiseme ni kidogo: juu ya ndege yenyewe thumuni hiyo ni inchi 9.

Kisha pima na urefu. Gipsy Moth ni futi 23 na inchi 11, basi katika ramani hiyo hiyo urefu uwe karibu inchi 4. Upana ukiwa sawa na urefu ukiwa na kasoro, huenda karatasi ilivutika wakati wa kunakiliwa, na hali hiyo hutokea mara nyingi. Mwisho linganisha mchoro wa juu na mchoro wa ubavuni: gurudumu, kiti na mkia lazima viwe mahali pamoja katika yote mawili.

Baada ya rula, tumia picha. Chagua picha za ndege yenye herufi unazozitaka, na utafute mwaka zilipopigwa. Picha iliyopigwa ubavuni kutoka mbali ni bora, kwa sababu ile ya karibu hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma. Ikiwa ndege yenyewe ingalipo, hiyo ndiyo hakimu wa mwisho. Jason, Gipsy Moth ambayo Amy Johnson aliirusha kutoka Croydon hadi Darwin, Australia, mwezi wa Mei 1930, imehifadhiwa na Science Museum ya London. Nyingine za wakati ule zatunzwa huko Old Warden katika jimbo la Bedfordshire, na baadhi yake bado huruka. Lakini hata ndege iliyohifadhiwa yaweza kuwa imebadilishwa miaka ilipopita, basi ilinganishwe na picha za zamani.

WAJIBU WA FUNDI

Fundi akisha fanya haya yote, atakuta kwamba hakuna ramani moja iliyo kamili. Atachukua bawa kutoka mchoro huu, pua kutoka picha ile, na kipimo kutoka kitabu kingine, kisha atachora ramani yake mwenyewe. Hapo ana wajibu mmoja ambao wengi huusahau. Aandike pembeni mwa karatasi yake ni ndege ipi na ya mwaka gani, kipi amekipima, kipi amekitoa kwenye picha, na kipi amekikisia. Maneno hayo machache yatamwezesha fundi atakayekuja baada yake kujua ni mstari upi wa kuutegemea, na upi wa kuuchunguza upya.