Jino la mtoto likirudishwa baada ya kung'oka, msiache kliniki

Simu inalia saa nne asubuhi. Ni mwalimu wa darasa. "Mama, mtoto ameanguka kwenye bembea. Jino la mbele limetoka lote." Jino lenyewe limefungwa kwenye karatasi, linakusubiri.

Karatasi hiyo ndiyo tatizo la kwanza, kwa sababu jino linakauka.

Jino halijashikana moja kwa moja na mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi unaolishikilia. Jino linapong'oka, utando huo huchanika na seli zake hai hubaki zimeganda kwenye mzizi. Seli hizo hazivumilii ukavu. Jino likikaa kavu kwa dakika 60, nyingi huwa zimekufa.

Daktari bado anaweza kulirudisha, lakini hapo ndipo safari inapoanza.

Mzizi unapoliwa kimya kimya

Mfupa wa mwili hubomolewa na kujengwa upya kila wakati. Utando ule ndio unaoukinga mzizi usiingizwe kwenye kazi hiyo. Ukifa, mwili huuchukulia mzizi kama mfupa: unauyeyusha kidogo kidogo na kuweka mfupa mahali pake. Hakuna maumivu wala uvimbe.

Mzazi huliona jino limekaza, akafurahi. Kumbe kukaza huko kunaweza kuwa dalili. Jino zima hucheza kidogo sana linapobanwa. Lililogandamana na taya halichezi kabisa, na daktari akiligonga hutoa mlio mkali kama wa chuma. Kwa mtoto anayekua, meno ya jirani huendelea kushuka na taya lake, hilo likabaki juu, likaonekana fupi. Hali hii ikishaanza, hakuna tiba ya kuirudisha nyuma. Daktari hupanga tu namna ya kulinda mfupa na nafasi ya jino.

Kuna aina ya pili, yenye kasi zaidi. Nyama laini iliyo ndani ya jino hufa, vijidudu huingia, na mzizi huliwa ndani ya wiki au miezi. Hii inazuilika. Kwa jino lililokomaa, daktari husafisha na kuziba mfereji wa mzizi ndani ya wiki mbili tangu lirudishwe. Kwa mtoto ambaye mzizi wake haujakomaa, anaweza kusubiri, kwani mishipa ya damu huweza kuota tena. Ndiyo maana mtoto huyo huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Ufanye nini pale pale

Kwanza, hakikisha ni jino la kudumu. Meno ya mbele ya juu ya kudumu huota kati ya miaka saba na minane. Jino la utoto halirudishwi, kwani linaweza kuumiza lile linalokuja chini yake. Hilo mnaweza kulitupa juu ya paa kama desturi ya nyumbani.

Kama ni la kudumu:

• Lishike sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni. Usiguse mzizi.

• Likiwa na uchafu, lisuuze kwa muda mfupi kwa maziwa, mate ya mtoto au maji. Usilisugue, usitumie sabuni wala dawa.

• Lirudishe kwenye tundu lake, kisha mtoto aume kitambaa safi.

• Ukishindwa, litie kwenye maziwa yasiyochachuka. Kama hakuna, mtoto ateme mate kwenye kikombe, ulitie humo. Maji si mazuri kwa kulihifadhi, lakini ni afadhali kuliko kuliacha likauke.

• Nendeni moja kwa moja hospitali yenye daktari wa meno. Ulizieni pia chanjo ya pepopunda.

Hata kama saa moja imepita, nendeni. Jino lililorudishwa kwa kuchelewa, ingawa mzizi wake utaliwa, linaweza kumtunzia mtoto mfupa na sura kwa miaka kadhaa.

Ratiba isiyokwisha haraka

Daktari hulifunga jino na ya jirani kwa waya mwembamba kwa takriban wiki mbili. Mtoto ale vyakula laini, kama uji na ndizi za kupondwa, na apige mswaki laini kila baada ya mlo.

Waya ukitolewa, wengi hudhani yamekwisha. Mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno wa mwaka 2020 unataka mtoto aonwe tena baada ya wiki nne, miezi mitatu, miezi sita na mwaka mmoja, kisha kila mwaka kwa angalau miaka mitano. Kila mara hupigwa picha ya eksirei, kwa kuwa mzizi unaoliwa hauonekani kwa macho.

Andika tarehe hizo kwenye simu yako leo, na umuulize mwalimu mkuu: mtoto aking'oka jino hapa shuleni, maziwa yatapatikana wapi?